Bluu ya Nyumba ya Mama Gaudensia

Skola mwanangu,

Sikuulizi hali yako, maana asubuhi nimekuona ukimaliza chapati zako na kumega yangu. U mzima. Mimi pia ni mzima, ila nimekereka, na mtu aliyekereka ni heri aandike kuliko aseme.

Umeenda Lizaboni kumuaga shangazi yako. Mama yako yuko ndani anapiga pasi nguo zako na kuongea peke yake. Nimetoa kiti nje nikakaa upande wa jua, kwa sababu ndani siioni vizuri mistari ya karatasi, na nikimwambia mama yako kwamba siioni atasema, "Si nilikuambia?" Maneno hayo nimeyachoka.

Habari za neti, sweta, kuchemsha maji na kumpigia simu mwalimu mkuu wa shule uliyopangiwa kufundisha ukifika, hayo ni ya mama yako. Ameshayasema na kesho atayasema tena stendi mpaka basi litakapoondoka. Mimi nayaruka. Nataka kukueleza jambo langu la macho tangu mwanzo mpaka leo, kwa sababu tukianza kulizungumza mezani tunazozana, wewe unainuka, mimi nabaki na maneno mdomoni. Barua hii utaisoma ndani ya basi la kwenda Tunduru. Huko hutaweza kuinuka.

Kazi yangu unaijua, lakini hujui nilivyokuwa najiona ndani yake. Nimepaka rangi mji huu tangu kabla hujazaliwa. Pale Majengo ni vigumu kukuta mtaa usio na ukuta wangu. Vile vikadi vya rangi wanavyogawa madukani sikuwahi kuvitumia hata siku moja. Mteja anasema anataka rangi ya maziwa mgando, au ya majivu ya jana, au ya ua la mbaazi. Mimi namimina nyeupe kwenye ndoo, nakoleza kidogo, nakoroga kwa mti, nachovya kidole, napaka ukutani, nangoja ikauke. Nilikuwa naiona rangi kabla haijakuwepo. Mafundi wenzangu walikuwa wananiita niwachanganyie, nami nilikwenda huku nimejaa majivuno, nisikudanganye.

Kwa hiyo bluu ilipoanza kunitoroka, nililaumu bluu.

Nilikwenda dukani nikamwambia muuzaji, "Hii bluu mmeichakachua." Kijana wa watu akafungua kopo, akanionyesha. "Mzee, ni ile ile uliyochukua mwaka jana." Nikamwambia, "Basi na ya mwaka jana mliichakachua." Watu wakacheka, nikaona wanamcheka yeye.

Sebuleni nikabadilisha taa. Nikabadilisha tena. Nikagombana na wauza taa kwamba siku hizi wanauza taa zenye mwanga wa kibatari. Unakumbuka mama yako akikaa chini ya taa ile mpya huku amekunja uso kama anachomwa jua? Mimi niliona ndiyo kwanza panaanza kuonekana.

Halafu kile kitenge cha Pasaka. Nilimnunulia mwenyewe, nikamwambia, "Nimekuletea kijani, ile unayoipenda." Akakikunjua, akasema taratibu, "Baba Skola, hii ni bluu." Tukabishana mpaka ugali ukapoa. Nikatoka nje nikamwita jirani yetu, Mzee Kasiani, aamue. Kasiani akakishika, akakigeuza huku na huku, akasema, "Kijani." Nikarudi ndani kama mtu aliyeshinda kesi. Sikuwaza hata kidogo kwamba Kasiani ana umri kama wangu. Wewe na mama yako mlitazamana tu. Kama kuna kitu kinanikera katika nyumba hii ni jinsi nyie wawili mnavyotazamana.

Ndipo ukamaliza chuo, ukarudi nyumbani kungoja ajira. Ulikuwa unaumia kukaa bure na ulikuwa unaficha, nami nikakuambia njoo tupake rangi. Sikusema nimefurahi. Nilifurahi. Rola uliijua haraka na kwenye kona za dari ulikuwa na mkono mtulivu kuliko wangu. Tungeweza kuendelea hivyo vizuri kabisa kama isingekuwa nyumba ya Mama Gaudensia.

Najua ulikuwepo. Nakuhadithia tena kwa sababu wewe uliondoka katikati, na yaliyofuata hukuyaona.

Mama Gaudensia, mwalimu mstaafu, mjane, alitaka nyumba yake ya Mshangano ipakwe upya kabla ya misa ya kumbukumbu ya marehemu mumewe. Alisema anataka bluu ya anga, ile ya asubuhi baada ya mvua. Rangi rahisi. Nimeshaipaka sijui mara ngapi. Nikachanganya, nikapaka kipande, kikatoka kama maji ya kufulia. Nikakoleza. Bado. Nikakoleza tena. Wewe ukasema, "Baba, inatosha." Mimi nikaongeza. Ukasema, "Baba, hiyo sasa inapiga kelele." Nikamgeukia mwenye nyumba, maana ndiye mwenye mali. Akasogea na kifimbo chake, akainamia ukuta, akasema, "Bado imefifia, fundi. Tia kidogo."

Nikatia kidogo. Yeye akatabasamu, mimi nikatabasamu. Tulikubaliana sisi wawili, tukiwa tumesimama mbele ya ukuta mmoja mchana kweupe, kwamba hiyo ndiyo anga ya asubuhi. Na hapo ndipo ulipoweka rola chini ukasema kwa sauti ya darasani, "Jamani, nyie wote wawili hamuoni!"

Nikakujibu nini? "Shika rola au nenda nyumbani." Ukaenda. Ulitembea kwa miguu kutoka Mshangano, na mvua ikakukuta njiani. Mimi nikamaliza nyumba peke yangu, nikiwa na hakika kwamba nimekufundisha adabu.

Yaliyofuata nyuma yako ni haya. Watoto wa Mama Gaudensia walifika kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya misa. Mwanawe mkubwa akanipigia simu hata shikamoo hakunipa. "Fundi, umempakia mama yetu nyumba au umempakia beseni?" Nikamwambia aulize mama yake. Akasema, "Mama ni mzee, wewe ni fundi!" Nikamkatia simu. Wala haikuishia hapo. Abiria wa bodaboda wakaanza kuitumia nyumba ile kama alama ya njia, "nishushe pale kwenye bluu." Mtu mmoja aliyekuwa ameniahidi kazi ya nyumba ya wageni akaniambia ameahirisha, kisha nikakuta fundi mwingine yuko pale juu ya ngazi anapaka.

Wewe hukusema neno. Nilikaa nikingoja useme, nikiwa nimeshaandaa majibu yangu yote, hukusema. Kazi iliyofuata ulikuja, ukachukua rola, ukaniuliza tunaanzia chumba gani. Hakuna adhabu mbaya kama hiyo.

Halafu kazi zikaanza kutoka vizuri. Ile nyumba ya Lizaboni yenye baraza ilitoka vizuri mpaka mwenyewe akaniletea mkungu wa ndizi. Nikasema moyoni, unaona, wamerudisha bluu ya zamani. Mpaka siku niliyouliza, "Nani kamaliza nyeupe? Kopo lilikuwa limejaa." Ukainama ukaanza kuosha brashi iliyokwisha kuwa safi. Nikaelewa. Kila nilipokwenda kunywa togwa, wewe ulikuwa unarudi kwenye ndoo yangu na kuirekebisha.

Nilikasirika kuliko siku ya Mshangano. Hukujua kwa nini, na mama yako alisema nina gubu. Sasa nakuambia. Siku ile ya kwanza ulinisema mbele ya mteja, na hilo lilikuwa kosa. Mara ya pili ulinifichia, na hilo lilikuwa kosa kubwa zaidi, maana uliniacha nijisifu kwa kazi yako mbele ya watu huku wewe ukijua. Nimefikiria sana ulipaswa kufanya nini badala ya hayo mawili. Sijapata jibu, na hilo nalo linanikera. Ningekuwa na jibu ningekupa uende nalo Tunduru.

Mimi kosa langu nalijua. Nilidhani kwa kuwa najua rangi, basi naiona. Miaka yote hiyo mikono yangu ilikuwa na ujuzi ule ule, na hakuna kilichoniuma wala kuniwasha. Jicho likiuma mtu hushtuka. Langu halikuuma. Lilikuwa linanidanganya kwa upole.

Mama yako ndiye aliyenipeleka hospitali, kwa hila, akisema anakwenda kupima presha yake. Daktari wa macho alikuwa binti wa rika lako, mchangamfu mno kwa mtu anayetoa habari mbaya. Akanimulika, akasema, "Mzee, una mtoto wa jicho, macho yote mawili. Na lenzi zako zimekuwa za njano sana."

Nikamuuliza, "Za njano tangu lini?"

"Huanza taratibu, baba. Miaka na miaka. Ni ya kila mtu, hata yangu nadhani imeshaanza. Ukizaliwa lenzi ni safi kama maji, halafu kadiri unavyokaa inapata unjano, mwisho inakuwa kama chai. Unjano huo unaizuia bluu isiingie. Ndiyo maana bluu hufifia kwanza, ukaiona kama kijani, na ile ya giza ukaiona nyeusi. Nyeupe na krimu huwezi kuzitenganisha. Na mboni nayo inakuwa ndogo, kwa hiyo unataka taa kali."

Kila alilotaja, mama yako alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama anayesikiliza litania.

Nikamwambia, "Sasa mbona mimi sikuuona huo unjano?"

Akacheka. "Ungeuonaje, mzee, wakati unaona kupitia huo huo?"

Lilikuwa jibu zuri, na lilinikasirisha kwa sababu hiyo hiyo. Tukarudi nyumbani. Nilikuwa napita mbele ya nyumba nilizozipaka, moja baada ya nyingine, na najiuliza ni ipi ya kwanza kuharibika. Ile ya kona? Ile ya yule mfanyabiashara wa korosho? Labda niliipaka ile nyumba ya padri nikiwa nimeshaanza kuona chai. Hakuna atakayeniambia. Mtu akiibiwa baiskeli anajua ni siku gani. Mimi nimeibiwa rangi nzima na siijui hata siku yenyewe.

Wakanipasua jicho la kulia. Kesho yake asubuhi muuguzi akatoa bandeji, nikafumbua jicho, nikamuuliza, "Nani amepaka ukuta huu?" Jana yake ulikuwa krimu. Sasa ulikuwa mweupe wa kuumiza. Akasema, "Haujapakwa, baba." Nikatazama shuka, sare yake, ndoo ya plastiki chini ya kitanda. Ile ndoo ilikuwa bluu, Skola. Nilikaa naitazama ndoo ya kudekia mpaka yule muuguzi akaniuliza kama nasikia kizunguzungu.

Nje nikaona anga juu ya milima ya Matogoro. Sitakueleza. Watu wa umri wako mnaiona bure kila siku na hamuitazami.

Nikagundua mchezo wa kufumba jicho moja. Nikifumba la kushoto, dunia ni mpya, baridi kidogo, nyeupe imekuwa nyeupe. Nikifumba la kulia, yote ni kama nimeyachungulia kupitia glasi ya chai. Kitenge cha mama yako nilikiangalia kwa zamu. Bluu. Kijani. Bluu. Nikamwambia, "Ulikuwa sahihi." Akajibu, "Kile cha mwaka juzi pia." Sikujua hata kwamba kuna cha mwaka juzi.

Lakini kilichonikera zaidi ya vyote ni ukuta wa sebule yetu wenyewe. Niliuziba mwenyewe zile nyufa, nikapaka nyeupe juu ya nyeupe. Kumbe nimepaka krimu juu ya nyeupe! Una viraka kama ng'ombe. Mmekula chakula chini ya ukuta ule miaka yote, wageni wamekuja, padri amekuja kubariki nyumba, na hakuna mtu aliyefungua mdomo. Nyumba ya fundi rangi! Mama yako anasema mliogopa kunivunja moyo. Mngenivunja tu.

Baada ya hapo nikaamua kwenda Mshangano. Wewe ulikuwa halmashauri kufuatilia barua yako ya ajira, sikukuambia. Nikapanda bodaboda na ndoo ya rangi nyeupe mapajani, nikiwa nimepanga kumpakia Mama Gaudensia nyumba yake upya na nisidai kitu. Tulipokata kona nikaiona. Mungu wangu. Dereva hakuhitaji kuniambia tumefika. Ile haikuwa anga ya asubuhi yoyote. Hata kuku wa jirani nilidhani wanaiepuka. Nilisimama barabarani na aibu yangu, nikasema, binti yangu aliniambia inapiga kelele, na kumbe hata hapo alikuwa ameipunguzia.

Nikafumba jicho la kulia. Na ile nyumba ikatulia, Skola. Ikawa laini, ikawa na ukungu kidogo, ikawa ndiyo hasa ile tuliyokubaliana. Nikafumba la kushoto, kelele. La kulia, asubuhi baada ya mvua. Nilifanya hivyo mpaka dereva akasema, "Mzee, yule mama anakuona unamkonyeza."

Mama Gaudensia alikuwa amesimama mlangoni na kifimbo chake. Nikampa shikamoo, nikamweleza habari za jicho, lenzi, chai, yote. Nikamwambia watoto wake walikuwa na haki, na nimekuja kurekebisha. Akaitazama ndoo yangu, akasema:

"Fundi, ukiigusa nyumba yangu nitakuitia mjumbe."

"Lakini mama, siyo rangi uliyoiomba."

"Ndiyo niliyoiomba. Naiona kila nikitoka na chai yangu. Kabla yako walinipakia bluu mbili wanazoziita nzuri, na zote niliona majivu. Hao watoto wanakuja mara moja kwa mwaka, wanalala, wanaondoka. Mimi ndiye ninayekaa hapa."

"Watu wanacheka, mama."

"Wacheke. Marehemu alinioa nikiwa na gauni la bluu. Nilikuwa nimeshasahau bluu ilivyo."

Nikamshauri naye akapimwe macho. Akasema atakwenda, baada ya mavuno, kisha akaniambia nisimharakishe. Akanikaribisha chai, tukanywa tumeutazama ukuta, kila mtu na wake. Nikarudi na ndoo yangu vilevile imejaa.

Ulipouliza kwa nini nimerudi na ndoo, nilikujibu hovyo.  Ulikuwa sahihi kuhusu ile rangi, na yule mama alikuwa sahihi kuhusu nyumba yake, na mimi peke yangu ndiye niliyemkosea kila mtu, na wewe zaidi, niliyekufukuza ukatembea kwa miguu kwenye mvua. Hilo nilipaswa kukuambia siku ile. Nakuambia leo.

Huko shuleni utakutana na watu wazima wanaokubishia kitu kilicho wazi kama mchana. Mwalimu wa siku nyingi, mzazi, babu wa mwanafunzi. Utachoka nao. Nina haki ya kusema kwa kuwa mimi ni mmoja wao na najichosha mwenyewe. Usiwaambie hawaoni. Waulize wanaona nini. Huenda wakakuudhi vilevile, sikuahidi.

Sasa tufike kwenye la leo asubuhi. Hospitali walinitaka nirudi wiki hii kwa jicho la kushoto, nikasogeza mbele. Wewe ukasema, "Baba unaogopa." Mama yako akasema, "Anaogopa." Mkatazamana. Sababu yenyewe sikuweza kuisema mbele ya chapati.

Siogopi. Jicho la kulia ni zuri, ni la kisasa, linanionyesha Skola mwingine, mwanamke mzima, mwalimu, ana kovu dogo jeupe kidevuni ambalo sikujua lipo, na macho yake jana yalikuwa mekundu ingawa alisema ni vitunguu. Huyo namheshimu. Lakini nimefahamiana naye kwa majuma machache tu. La kushoto ndilo lililokuona siku unazaliwa, likiwa na nafuu kuliko sasa, na likaendelea kupata unjano kidogo kidogo kila mwaka wewe unapokua. Skola niliyemlea ana rangi hiyo ya chai. Wakitoa lenzi ile, huyo simwoni tena. Najua ni ujinga. Daktari atacheka. Ndiyo maana nimewaambia nitakuja ukishaondoka.

Kwa hiyo kesho stendi nitasimama upande wa dirisha lako. Nitakutazama kwa la kulia kwanza, kama watu wengine wanavyokuona. Kisha nitalifumba. Ukiniona nimesimama pale na jicho moja, usishtuke, usimwambie mama yako kitu, na usianze kunipungia kwa huruma. Niache nimalize.

Na kama dereva atachelewa kuondoka, tafadhali usimlalamikie.

Baba yako